KOMPYUTA KUUKUU NDANI YA GARI LA MRADI: GARI KWANZA, KOMPYUTA BAADAYE



Karibu kila ofisi ya mradi ina kabati lenye kompyuta mpakato mbili au tatu ambazo hazitumiki tena. Idadi yake imeongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, kwa kuwa kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Mara nyingi mashine hizi si mbovu. Betri zimechoka na kasi imepungua, lakini skrini na kibodi bado ni vizima. Wakati huohuo, watendaji wanaoshuka Bonde la Ziwa Rukwa wanarudi ofisini na madaftari yaliyojaa takwimu za visima, mahudhurio ya vikundi na chanjo za mifugo, na takwimu hizo husubiri zamu ya kuingizwa kwenye kompyuta.

Ndipo linapokuja swali: je, kompyuta ile ya kabatini haiwezi kufungwa ndani ya gari ili kazi ifanyike hukohuko kijijini? Jibu ni kwamba inawezekana, na fundi umeme wa magari mwenye uangalifu anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku moja. Hata hivyo, ipo kanuni moja ambayo ni lazima itangulie mambo mengine yote: kompyuta isichukue kutoka kwenye gari kitu chochote ambacho gari linakihitaji ili lirudi nyumbani.

Kwa nini tunaanza na kanuni hii

Gari likitoka Sumbawanga mjini, juu ya uwanda wa Ufipa ulio takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, linashuka karibu mita 1,000 hadi kufika Mtowisa. Njia ina kona na miteremko mikali, na kuanzia Novemba hadi Aprili mvua huongeza tope na utelezi. Chini bondeni kuna joto kali na vumbi jingi wakati wa kiangazi. Gereji haiko jirani na kila kijiji.

Zaidi ya hayo, gari la mradi likilala kijijini haliwi la mradi peke yake. Usiku mama akipata uchungu pingamizi, au mtoto akizidiwa na malaria, watu hugonga mlango wa nyumba aliyolala dereva. Kama kompyuta imenyonya betri tangu jioni, na dereva akizungusha ufunguo anasikia mlio mdogo tu kisha kimya, hakuna ripoti ya mradi itakayofidia jambo hilo. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya makala haya inazungumzia umeme, si programu.

Wengine walifanya nini

Wazo la kusafiri na kompyuta ndani ya gari si geni. Mwaka 1996 kampuni ya Panasonic ilianza kuuza kompyuta mpakato ngumu za Toughbook, ambazo baadaye zilienea katika magari ya polisi, hasa Amerika ya Kaskazini. Mashine hizo zilitengenezwa kwa ajili ya mtikisiko na vumbi, na bei yake ilikuwa ya juu.

Karibu na kwetu, mwaka 2003 Maktaba ya Taifa ya Uganda ilishirikiana na shirika la Anywhere Books kuendesha gari la vitabu la kidijitali. Gari hilo lilibeba kompyuta, printa na vifaa vya kujalidi, na vitabu vilichapwa papo hapo kwa ajili ya wasomaji wa vijijini. Hukohuko Uganda, Maendeleo Foundation ilifundisha kompyuta katika shule zisizo na umeme kwa kutumia gari lililowekwa paneli za sola juu ya paa ili kuchaji kompyuta mpakato.

Katika magari haya kuna funzo moja la kufanana. Gari linafaa linapopeleka huduma ambayo haiwezi kusubiri mtandao wala umeme wa gridi. Kama kazi yako inaweza kusubiri hadi kesho ofisini, huna haja ya kutoboa bodi ya gari.

Je, simu haitoshi?

Swali hili linastahili jibu la kweli. Kwa mtendaji anayetaka ramani na fomu za kujaza, simu janja moja inatosha. Inatumia umeme kidogo, ina GPS ndani yake, na programu kama ODK, iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, hukusanya takwimu bila mtandao na kuzituma baadaye.

Kompyuta ndani ya gari inafaa katika mambo matatu. La kwanza ni kuandika kwa wingi, kwa mfano muhtasari wa mikutano au orodha ya wanakikundi 60. La pili ni kupokea takwimu kutoka simu za watendaji kadhaa, kuzikagua na kuhifadhi nakala kabla hamjaondoka kijijini, ili kosa lisahihishwe mhusika akiwa bado yupo. La tatu ni kuonyesha picha, ramani au somo kwa kikundi kwenye skrini kubwa kuliko ya simu. Kama hakuna hata moja kati ya haya katika kazi yako, tumia simu na uache gari kama lilivyo.

Tuelewe umeme wa gari

Land Cruiser nyingi za miradi, zile wanazoziita "mkonga", na pikapu nyingi hutumia umeme wa volti 12. Malori mengi na baadhi ya magari makubwa hutumia volti 24 kutoka betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Pima kwa mita kabla ya kununua kifaa chochote. Kwenye gari la volti 24 usichukue umeme kutoka betri moja tu kati ya zile mbili, kwa sababu moja itachoka kabla ya mwenzake na zote zitaharibika mapema.

Hiyo volti 12 si namba isiyobadilika. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6 au 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki takriban nusu. Ikishuka karibu na 11.9 imekwisha. Injini ikiwaka, alteneta huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4. Wakati wa kupiga stata, volti huweza kushuka hadi 9 au chini yake kwa muda mfupi.

Kompyuta mpakato nyingi zinataka volti 19 au 20. Namba hiyo imeandikwa kwenye chaja yake na chini ya mashine. Kwa hiyo huwezi kuunganisha waya wa betri moja kwa moja. Zipo njia mbili za kupata volti inayotakiwa.

Njia ya kwanza ni inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 kuwa volti 230 kama umeme wa nyumbani, kisha unachomeka chaja ya kawaida. Ni rahisi, lakini umeme unabadilishwa mara mbili na kila badiliko lina upotevu. Pia inveta hula umeme hata kama kompyuta imezimwa.

Njia ya pili ni chaja ya kompyuta ya kwenye gari, inayopandisha volti 12 moja kwa moja hadi 19 au 20. Upotevu wake ni mdogo zaidi. Tunapendekeza njia hii. Hakikisha volti ya kutoka inalingana na ya kompyuta yako, wati zake hazipungui zilizoandikwa kwenye chaja ya awali, na upande wa chanya na hasi kwenye plagi umepimwa kwa mita. Plagi inaweza kuingia vizuri na bado ikaunguza mashine.

Hesabu ambayo kila dereva anapaswa kuijua

Tuchukue kompyuta inayotumia wati 45. Kwa chaja ya gari itavuta karibu ampia 4 kutoka kwenye betri. Kwa inveta pamoja na chaja ya kawaida itavuta karibu ampia 5.

Tuseme betri ya gari ni ya ampia-saa 70. Betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kumalizwa taratibu, hivyo tusitumie zaidi ya theluthi moja, yaani kama ampia-saa 23. Kwa chaja ya gari unapata saa tano na nusu hivi injini ikiwa imezimwa. Kwa inveta unapata saa nne na nusu. Na hiyo ni betri mpya. Betri ya miaka mitatu haitafika hapo.

Sasa tuseme kompyuta imesahauliwa ikiwa inafanya kazi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Itakuwa imechukua ampia-saa 48 kwa chaja ya gari na 60 kwa inveta. Gari hilo huenda lisiwake. Hesabu hii ndiyo sababu hatupaswi kutegemea kumbukumbu ya mtu. Lazima waya wenyewe uzuie kosa.

Hatua za kufunga waya

1. Fungua kwanza terminali ya hasi ya betri. Kazi ikiisha, terminali hiyo ndiyo ya mwisho kurudishwa.

2. Vuta waya mpya wa chanya kutoka kwenye betri. Usiunganishe kompyuta kwenye waya wa taa au wa redio.

3. Weka fyuzi ya ampia 10 karibu na betri, si zaidi ya sentimita 20 au 30 kutoka kwenye terminali. Fyuzi inalinda waya. Waya ukichunika na kugusa bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna kitakachozuia moto.

4. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5. Kwa umbali wa mita 4 kwenda na 4 kurudi, ampia 5 zitapoteza karibu volti 0.3 tu. Ukitumia waya mwembamba wa 0.75 utapoteza karibu volti 1, na waya wenyewe utapata joto.

5. Pitisha waya ndani ya bomba la plastiki. Unapopenya bati kati ya injini na kabati la dereva, weka mpira kwenye tundu. Mtikisiko wa barabara hugeuza ukingo wa bati kuwa msumeno.

6. Weka relei inayoamriwa na swichi ya ufunguo, ili ufunguo ukizimwa umeme wa kompyuta ukatike. Hiki ndicho kinga kikuu cha betri.

7. Kama ni lazima mfanye kazi injini ikiwa imezimwa, funga betri ya pili ya aina inayovumilia kutumika taratibu, pamoja na relei inayotambua volti. Relei hiyo huunganisha betri mbili injini inapochaji, na huzitenganisha volti inaposhuka. Betri ya kuwashia haiguswi kamwe. Paneli ya sola juu ya paa inaweza kuisaidia betri hii ya pili, ikiwa na kidhibiti chake.

Wasio na fedha za hatua ya 7 waishie hatua ya 6. Wataandika gari likiwa linatembea au injini ikiwaka, na wakifika kijijini watamalizia kwa madaftari. Si aibu.

Utaratibu wa kila siku nao ni mfupi: washa gari kwanza, kisha kompyuta. Zima kompyuta kwanza, kisha gari. Kwa namna hiyo volti inaposhuka wakati wa stata haitaizima mashine katikati ya kuandika.

Funga kitako, usifunge kompyuta

Baadhi ya watu hukaza kompyuta kwenye dashibodi kwa skrubu isitoke tena. Kwa mazingira yetu hatushauri hivyo. Kinachofungwa kwa bolti ni kitako chake: kipande cha mbao ngumu au bati nene, chenye kingo pande zote, mpira chini, na mikanda miwili ya kukaza. Kompyuta iingie na kutoka kwa dakika moja. Faida zake ni nne.

Kwanza ni joto. Gari lililofungwa vioo juani huweza kupita nyuzi joto 50 ndani, wakati kompyuta nyingi zimetengenezwa kufanya kazi katika mazingira yasiyozidi nyuzi 35 hivi. Betri ya lithiamu iliyozeeka ni ya hatari zaidi. Ikiwa imevimba hata kidogo, itoe na usiitumie tena. Gari likiegeshwa Mtowisa mchana, kompyuta ishuke pamoja na watu.

Pili ni wizi, na tatu ni siri za watu, ambazo tutazieleza hapa chini. Nne ni matengenezo: kompyuta inayotoka ni rahisi kufutwa vumbi.

Mahali pa kitako pawe mbele ya abiria au nyuma ya viti vya mbele, kamwe pasiwe mbele ya mfuko wa hewa wala mahali panapomzuia dereva kuona au kushika gia. Kabla ya kutoboa sakafu, fundi alale chini ya gari aangalie mabomba ya breki na ya mafuta yanapopita.

Mikanda ikazwe kweli. Kompyuta ya kilo 2.5 ndani ya gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa, gari likisimama ghafla, hupiga kwa nguvu sawa na iliyoanguka kutoka kimo cha mita 14. Anayeipokea ni mtu aliyekaa mbele yake.

Mtikisiko na vumbi

Diski za zamani zina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kikielea juu yake kwa nafasi ndogo sana. Barabara ya changarawe yenye matuta madogo madogo huiharibu. Ibadilishe kwa diski tuli ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Badiliko hilo moja pia huongeza kasi ya kompyuta kuukuu kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu vumbi, usifunike matundu ya hewa wakati mashine inafanya kazi, maana itachemka. Ifunike kwa kitambaa kizito inapokuwa imezimwa, na kila baada ya safari safisha matundu kwa brashi laini.

Programu za kutosha

Kwa mashine isiyoweza kupokea Windows 11, mifumo ya Linux iliyo myepesi kama Xubuntu au Lubuntu inatolewa bure na inaendelea kupata marekebisho ya usalama. Angalia kwanza kama kompyuta ni ya biti 64, kwa sababu matoleo mapya hayaendi kwenye zile za biti 32.

Kwa ramani, pakua ukiwa ofisini ramani za OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004, ambao ramani zake huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Nchini Tanzania kazi kubwa imefanywa na Ramani Huria jijini Dar es Salaam na Crowd2Map katika maeneo ya vijijini. Programu ya QGIS inazifungua bila mtandao, na kipokezi kidogo cha GPS cha kuchomeka kwenye USB kitaonyesha mahali mlipo. Kisima ambacho hakipo kwenye ramani kichoreni. Atakayefuata atakikuta.

Kwa elimu, Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili na vitabu vingine ndani ya diski na kuvisoma bila intaneti. Kompyuta hiyohiyo inaweza kurusha waifai, na walimu waliokaribu na gari wakavisoma kwa simu zao.

Dereva, na siri za watu

Gari likitembea, dereva hagusi kompyuta wala haitazami. Skrini iwe upande wa abiria, naye abiria ndiye asome ramani na kumwambia dereva kwa mdomo. Hili liandikwe kwenye mwongozo wa matumizi ya gari na kila mtendaji atie sahihi. Kwenye kona za kushukia bondeni, macho ya dereva ni ya barabara.

Kompyuta ya gari hubeba majina, simu, hali za afya na mikopo ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa hizo kuzilinda. Kwa hiyo wakati wa kuweka mfumo, chagua diski yote ifungwe kwa nywila, hamishia takwimu ofisini kila baada ya safari, na ufute zilizokwisha kuhamishwa. Mwizi akichukua mashine, achukue chuma tu.

Kabla ya safari ya kwanza

Fanyeni majaribio mjini. Washeni kompyuta kwa saa mbili injini ikiwaka, kisha mguse waya na fyuzi. Kama kuna joto la kuchoma, rudini kwa fundi. Zimeni ufunguo na mthibitishe umeme umekatika. Liacheni gari usiku mzima, na asubuhi mpime betri kabla ya kuwasha. Kama ilikuwa 12.6 na sasa ni chini ya 12.4, kuna kitu kinachonyonya. Endesheni kwenye barabara mbaya kwa kilomita chache kisha mkaze bolti tena. Na kila mara gari liwe na waya za kuazimia umeme kutoka gari jingine.

Mwisho, mpeni dereva haki ya kusema hapana. Akiona volti imeshuka, achomoe kompyuta bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, hata kama ripoti haijaisha. Ripoti inaweza kusubiri hadi asubuhi, na usiku huohuo anaweza kufika mtu kugonga mlango.